Massey ya baba: shajara ya kufungua pistoni zilizoganda

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo tumeanza kwa panga, si kwa spana. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye usukani. Trekta hili, Massey Ferguson 135, limekaa chini ya mgrevilea hapa nyumbani Karatu tangu 2011. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, kutoka shamba moja la kahawa upande wa Oldeani, na ndilo lililolima mahindi, ngano na maharage yaliyotulipia ada sote watano. Lilisimama kwa sababu ndogo sana: pampu ya dizeli ilianza kuvuja, tukasema tutaipeleka mjini wiki ijayo. Wiki ikawa mwaka. Katikati ya hapo upepo uliondoka na kopo la maziwa lililokuwa likifunika bomba la ekzosi, lile lililosimama wima mbele ya dereva, na hakuna aliyelirudisha. Masika kumi na tatu zimenyesha ndani ya lile bomba, na pistoni zimeganda kwa kutu: injini haizunguki.

Kwa asiyeifahamu, injini yake ni Perkins AD3.152 ya Peterborough, Uingereza. Jina lenyewe linajieleza: 3 ni idadi ya silinda, 152 ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 2.5. Kipenyo cha silinda ni milimita 91.4, na pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, hutembea milimita 127 kutoka chini hadi juu. Kwa mkulima wa huku ni injini ya kuheshimu. Inakula mafuta kidogo, na vipuri vyake bado vinapatikana.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo cha ufundi cha VETA na ana nguvu za ujana, alikuja na pendekezo lake: "Mjomba, tuombe Fuso ya jirani ituvute, tuweke gia kubwa, itaachia tu." Nikamkatalia. Ukiburuta injini iliyoganda, gurudumu linalazimisha gia, gia inalazimisha krankshafti (kranki kwa kifupi, mhimili unaozungushwa na pistoni), na krankshafti inasukuma pistoni isiyotaka kwenda. Kitakachosalimu amri kwanza hukichagui wewe. Na kama silinda mojawapo ina maji, maji hayabanwi kama hewa: konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, inapinda palepale. Nimewahi kuishika mkononi konrodi iliyopindwa hivyo, na kranki yake ilikuwa imeshapasuka.

Kwa hiyo tumekwenda taratibu. Tumeondoa mkanda wa feni, tukafungua stata (mota ya kuwashia) kabisa, maana stata iliyong'ata meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inaweza kukudanganya ukadhani ni pistoni. Gia huru. Kisha spana kwenye nati ya puli ya mbele, kwa mkono tu, bila bomba la kuongezea urefu. Haikutikisika hata unywele.

Tukatoa nozeli zote tatu, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Nikachovya waya wenye pamba katika kila tundu. Namba 1: pamba ilitoka na masizi makavu. Namba 2: kavu, ila na unga mwekundu. Namba 3: ilitoka imelowa, maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni. Aliiangalia ile pamba ya tatu kwa muda mrefu, asiseme neno.

Tumefyonza maji kwa bomba la sindano ya mifugo, kisha tukamimina dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki katika silinda zote. Mchanganyiko huu hauyeyushi kutu, tusidanganyane. Kazi yake ni kupenya, kulowesha, na kuweka utelezi pale kutu itakapovunjika.

Jumamosi, 15 Juni

Silinda hedi imetoka. Maneno matatu, kazi ya siku nzima. Hedi ndiyo kifuniko cha juu cha silinda. Manifodi, mabomba ya nozeli, roka, pushirodi (nimezichomeka kwa mpangilio kwenye boksi la katoni lililotobolewa, ili kila moja irudi mahali pake), kisha nati za hedi moja baada ya nyingine kwa kuzipasha moto. Stadi moja ya nyuma (boliti isiyo na kichwa inayoshika hedi) ilikatika, ikabaki kipande cha kama sentimita moja juu ya bloku, yaani mwili wa injini. Tumevalisha nati juu yake, tukaijaza kwa kuchomelea, tukasubiri ipoe mpaka ikaanza kushikika, na ikatoka kwa spana ya kawaida. Joto la kuchomelea ndilo lililoifungua.

Sasa tunaona. Nilipima kwa rula kutoka usawa wa bloku hadi kichwa cha kila pistoni: namba 1 iko kama sentimita 2 chini, namba 2 kama 6, namba 3 zaidi ya 12, karibu chini kabisa. Nimekaa na namba hizo jioni nzima na daftari, kwa sababu zinaeleza kila kitu.

Katika injini hii mikono ya kranki imeachana nyuzi 120, na mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3. Namba 1 ilisimama ikipanda kubana hewa: valvu zake zote mbili zimefungwa, ndiyo maana ndani ni pakavu. Namba 2 ilikuwa inavuta hewa: valvu ya kuingiza imebaki wazi, unyevu umeingia kupitia chujio la hewa. Namba 3 ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa moshi: valvu ya ekzosi wazi, na juu yake bomba lisilo na kifuniko. Mvua yote ya Karatu ilikuwa na njia moja tu ya kushuka, na mwisho wa njia hiyo ni silinda namba 3. Kama injini ingezimwa nusu mzunguko mbele, silinda nyingine ndiyo ingekufa.

Nimemwonyesha mpwa wangu kwenye daftari. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo Fuso ingevuta maji yale yale." Ndiyo hasa.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada, kusafisha kuta. Juu ya pistoni namba 3 laina (bomba la chuma ambalo ndilo ukuta wa silinda) ina kutu yenye magamba, nene kama kucha mahali pengine. Pistoni hiyo iko chini, hivyo njia pekee ya kutokea ni juu, kupitia kutu hiyo. Ukiilazimisha kabla ya kusafisha, ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zitakwangua magamba, zitayakusanya mbele yake kama jembe linavyokusanya udongo, na zitakwama upya sentimita mbili mbele au zitakatika. Tumetumia brashi ya waya laini, kisha msasa uliolowa dizeli, na kila baada ya dakika kumi tunafyonza tope lote. Mafuta safi mapya. Usiku tumefunika kwa mabati.

Jumamosi, 22 Juni

Wiki nzima nilikuwa naweka alama ya kina cha mafuta kwa kalamu ya rangi ukutani mwa kila silinda. Namba 1 iliisha usiku wa kwanza, yakapita kwenye ringi hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Namba 2 ilichukua siku tatu. Namba 3: alama ya Jumapili na ya leo ni ileile. Hakijapenya kitu. Kutu imeziba nafasi kati ya ringi na laina kama saruji.

Hapo baba ndiye aliyetoa neno. Alikumbuka kwamba zamani, asubuhi za Juni kama hizi ambapo ukungu unashuka kutoka Ngorongoro na vidole vinakufa ganzi, walikuwa wanamimina maji ya moto kwenye rejeta ili injini ikubali kuwaka. "Ipashe moto, mwanangu. Chuma kilichopoa hakisikii."

Ana haki, na sababu iko kwenye madini yenyewe. Pistoni ni alumini, laina ni chuma cha kuyeyushwa, na kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikipoa, inasinyaa pia kuliko chuma. Pasha, poza, pasha, poza: kila mara pistoni na laina zinavutana, na kutu iliyo katikati inaanza kupata nyufa, na mafuta yaliyo juu yanafyonzwa kwenye nyufa hizo.

Mama ametoa masufuria mawili makubwa ya shughuli. Tuliziba tundu la bomba la chini la maji, tukamimina maji yanayochemka kwenye matundu ya maji ya bloku kwa mrija mrefu, tukiangalia yasimwagikie kwenye silinda. Bloku ikawa haishikiki. Tukaacha ipoe mpaka jioni, tukarudia. Mizunguko miwili leo, miwili kesho.

Jumapili, 23 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda na tochi. Mafuta ya namba 3 yameshuka kwa milimita 4 hivi. Nilimwamsha mpwa wangu aje aone.

Fundi seremala ametuchongea gogo la mninga, kipenyo sentimita 9, linaingia kwenye silinda bila kugusa kuta. Tumeligonga juu ya pistoni namba 2. Kwa nini namba 2? Iko kati ya safari, konrodi yake imesimama karibu pembe mraba na mkono wa kranki, na hapo pigo dogo linageuka kuwa mzunguko mkubwa. Namba 3 iko karibu chini kabisa. Ukiipiga, nguvu yote inakwenda wima kwenye beringi na kranki, haizungushi chochote. Watu wengi huona silinda yenye kutu wakaishambulia hiyo kwa nyundo. Wanampiga mgonjwa.

Nilichora mstari wa chaki kwenye puli na kwenye bloku, nikapiga mapigo hamsini ya nyundo ya kawaida, si ile ya kuvunjia mawe. Chaki haikusogea. Tukahamia namba 1. Haikusogea. Namba 3 inawashikilia wenzake wawili.

Jumamosi, 29 Juni

Tumelikata trekta: ekseli ya mbele imetolewa, injini imetenganishwa na nyumba ya klachi, ikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye tripodi ya miti. Sasa imelala kwenye magogo bandani. Siandiki mengi, mgongo unauma.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Majirani wako kwenye mapumziko, hivyo watazamaji walikuwa wengi.

Sampu, ambayo ni ya chuma cha kuyeyushwa na nzito vibaya, imefunguliwa. Ndani tope jeusi, na chini yake maji kidogo. Lakini kranki yenyewe imefunikwa na oili, inang'aa. Nilimwita baba aje aione.

Wazo la leo lilikuwa hili. Kwa kuwa namba 3 iko karibu chini, nati za kofia ya konrodi yake (nusu ya chini inayoibana konrodi kwenye kranki) zinafikika vizuri kutoka chini. Tumeifungua kofia hiyo. Hilo haliiachii kranki kabisa, kwa sababu konrodi bado imeikalia kwa juu: ukizungusha kwenda mbele, kranki inapanda na kuigonga. Lakini ukizungusha kurudi nyuma, mkono wa kranki unashuka kwanza mpaka chini kabisa kabla ya kupanda tena. Nilipiga hesabu ya pembe: tuna kama nyuzi 40 za kucheza, na mahali pa chini kabisa kutakuwa na nafasi ya karibu milimita 3 kati ya konrodi na kranki. Milimita 3 ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Gogo la mninga juu ya pistoni namba 1, kwa sababu hiyo ikisukumwa chini inazungusha kranki kurudi nyuma. Mpwa wangu ameshika nondo kwenye meno ya flaiwili, anaegemea tu, haruki juu yake. Mimi nagonga: pigo, subiri, pigo, subiri. Kama pigo la ishirini, sauti ikabadilika. Mwanzo ilikuwa sauti ya mwamba. Sasa ilikuwa na mwangwi mzito, wa kitu kilichoachana na kingine. Nikasema, "Chaki!" Akapiga kelele kabla hajajibu. Mistari ilikuwa imeachana kwa unene wa kiberiti.

Hatukusukuma zaidi upande huo. Tulirudisha, tukamimina mafuta, tukasogeza tena, kila safari ikizidi kidogo. Ndani ya saa moja namba 1 na namba 2 zilikuwa zinakwenda na kurudi ndani ya zile nyuzi 40, zikinguruma kwa mchanga wa kutu, kisha zikalainika. Watoto waliokuwa ukutani wakapiga makofi. Baba alisimama kutoka kigodani, akaweka kiganja kwenye flaiwili, akaisukuma mwenyewe, huku na huku.

Jumamosi, 13 Julai

Namba 3.

Tumeweka kranki mahali pake pa chini kabisa. Nilipenyeza kipande cha ngozi ya mkanda juu ya kranki, ili konrodi ikishuka isigonge chuma kwa chuma, na stadi za konrodi nikazivalisha mipira ya bomba zisikwaruze.

Halafu nikapiga pistoni kwenda chini. Hapa mpwa wangu aliniuliza swali zuri: kwa nini chini, wakati tunataka itoke juu? Kwanza, chini ya pistoni hiyo ukuta wa laina ulirushiwa oili miaka yote na haujaona mvua, ni msafi. Kwenda chini ringi hazina cha kukwangua. Pili, laina ya injini hii ina ukingo juu unaokaa kwenye bloku. Ukipiga chini, unaikandamiza laina kwenye makazi yake. Ukipiga juu wakati ringi bado zimeganda, unaweza kuing'oa laina pamoja na pistoni.

Tulipasha bloku kwa maji ya moto mara mbili asubuhi. Ilipokuwa imepoa nusu, nikaanza. Sikuhesabu mapigo, ila ilikuwa zaidi ya saa nzima, kwa zamu. Mkono ulipochoka nilibadilishana na kijana na nikamkataza kuongeza nguvu. Mara nyundo ikatoa sauti ya pop, ndogo, kama kizibo. Rula: milimita 1. Dakika kumi baadaye: karibu 3, konrodi imekaa juu ya ngozi.

Tulitoa ngozi, tukarudisha kofia ya konrodi, tukakaza kwa mkono. Sasa kranki yenyewe ndiyo itakayofanya kazi. Nondo kwenye flaiwili, mbele kidogo, nyuma kidogo. Milimita 5 juu, rudi. Safisha kuta, mafuta, milimita 10, rudi. Ilipofika saa tisa alasiri pistoni namba 3 ilichungulia juu ya bloku kwa mara ya kwanza tangu 2011. Tuliizungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono, polepole, wote watatu tukiwa tumeishika.

Mama alileta chai na viazi vitamu. Hakuna aliyekwenda kukaa kivulini. Tulikula tumesimama tukiitazama.

Jumamosi, 20 Julai

Pistoni zote zimetoka. Lazima niandike ukweli wa kilichoonekana, kwa sababu kuachia siyo kupona.

Namba 1 na 2: ringi zimeshika kwenye mifereji yake ila pistoni ni nzima. Namba 3: ringi mbili zimekatika ndani ya mifereji, na laina ina mashimo ya kutu ambayo ukucha unazama. Ukifunga hivyo itawaka, itatoa moshi wa bluu na kula oili, na baada ya msimu mmoja utarudi hapa hapa. Nimeamua seti kamili: laina, pistoni na ringi kwa silinda zote tatu. Valvu ya ekzosi namba 3 ilikuwa imeganda kwenye gaidi yake (kibomba inamotelezea), nayo itabadilishwa. Kranki imepimwa kwa maikromita: haijapinda, haijalika. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana kranki ndiyo ingekuwa gharama ya kufa mtu, na ndiyo ambayo Fuso ingeimaliza.

Bloku imekwenda Arusha kukandamiziwa laina kwa presi. Pampu ya dizeli imekwenda pamoja nayo.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefunga. Beringi mpya, mipasuko ya ringi tumeipishanisha, kila kitu kimepakwa oili. Hedi imekazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu tatu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nafasi ya valvu milimita 0.30, injini ikiwa baridi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Injini iko chini bandani, imefungwa kwenye magogo kwa minyororo, ndoo ya dizeli imening'inizwa juu ya dari, rejeta imeegemezwa mbele. Tuliondoa hewa kwenye chujio, kwenye pampu, mwisho kwenye mabomba ya nozeli. Kabla ya hapo tuliizungusha kwa stata bila mafuta mpaka sindano ya presha ya oili ikapanda.

Mpwa wangu alishika waya za betri. Mzunguko wa kwanza, hakuna. Wa pili, moshi mweupe. Wa tatu silinda moja ikapokea, kisha nyingine, ikayumba kwa sekunde chache, halafu zote tatu zikashikana na banda likatetemeka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza upande wa nyuma, silinda namba 3. Baada ya muda akainua kidole gumba.

Tuliiacha ikimbie dakika ishirini, tukaizima, tukakaza hedi tena ikiwa ya moto, tukapima valvu upya. Uvujaji mmoja tu, kwenye gasketi ya kifuniko cha roka.

Ijumaa nitarudisha ekseli ya mbele. Bomba la ekzosi tayari liko mahali pake, na jioni hii fundi wa kuchomelea ameliwekea kifuniko cha bati chenye bawaba: injini ikiwaka moshi unakifungua, ikizimwa kinaanguka chenyewe. Baba amekijaribu kwa kidole mara nyingi kabla ya kwenda kulala.